MACHELA YA WATU WAWILI: TUCHAGUE KITAMBAA GANI?

(Maneno ya fundi cherehani wa kijiji mbele ya mkutano wa wanachama wa chama chetu cha ushirika, Nassa. Yamenakiliwa hapa ukutani ili waliokuwa shambani nao wasome.)



Mwenyekiti ameniambia nisizidishe nusu saa, kwa hiyo naingia moja kwa moja katika jambo lenyewe.

Mkutano uliopita tulikubaliana kila kitongoji kiwe na machela yake. Hilo limekwisha, haturudi nyuma. Lililobaki ni kitambaa. Hapo ndipo maneno yamekuwa mengi. Wako wanaosema tushone turubai, maana turubai halichaniki. Wako wanaosema tutafute chepesi, chochote kile, hata chandarua kikuukuu au salfeti za mbolea, mradi wabebaji wasichoke. Kila upande una sehemu ya haki. Mimi mmeniita kama fundi, basi niseme kifundi.

Kwanza tuelewane. Tunaposema machela ya watu wawili tuna maana mbili. Wanaobeba ni wawili kwa zamu, mmoja mbele na mmoja nyuma. Na wanaobebwa nao mara nyingi ni wawili: mama mwenye mimba, au mama aliyejifungulia nyumbani, na mtoto wake mchanga kifuani. Kwa hiyo kitambaa kikikatika njiani, hakimwangushi mtu mmoja.

Barabara ya lami ya Mwanza kwenda Musoma inapita kwetu, na tunashukuru. Lakini kati ya nyumba na lami kuna mbuga. Mvua za Machi na Aprili zikishika, ule udongo mweusi unameza gurudumu la mkokoteni hadi kwenye ekseli, na pikipiki inalala. Siku hizi kuna namba 115 ya mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Unapiga bure, gari linatafutwa kumchukua mama mjamzito au mtoto mchanga. Namba hiyo kila mtu aijue kwa moyo. Lakini gari litafika pale gari linapofika. Kutoka hapo hadi kitandani kwa mgonjwa, gari ni mabega yetu. Na mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Saa mbili, ndugu zangu, si muda wa kukaa njiani mnafunga upya kamba iliyokatika, wala wa kupumzika kila hatua hamsini kwa sababu mzigo umewashinda.

Basi swali letu si "kitambaa kipi chepesi?" wala "kitambaa kipi kigumu?" Swali ni: kitambaa kipi chepesi kuliko vyote miongoni mwa vile vinavyotosha kubeba? Tuanze na kutosha, halafu twende kwenye wepesi. Tukigeuza, tutamwangusha mtu.

UZITO UKO WAPI?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama haumwelemei. Sasa tuupime wetu.

Tuchukue mama wa kilo 65, mtoto wa kilo 3, na shuka la kuwafunika kilo 2. Jumla kilo 70. Machela ya kumtosha yeye na mtoto inataka kitambaa cha mita 3 kwa upana wa mita 1 na nusu. Ukishona kwa turubai zito la pamba, kitambaa peke yake ni kilo 2 na zaidi, na likinyeshewa linaweza kuwa mara mbili yake. Ukishona kwa kaki ya suruali za shule, ni kilo 1 na kidogo. Marekani ni kama robo tatu ya kilo. Nailoni nyembamba, ile tunayoita ya parashuti, ni kama theluthi ya kilo.

Mnaona tofauti? Kati ya turubai na kaki ni kilo 1 hivi ikiwa kavu, na mvuani zaidi ya kilo 2. Hiyo ni faida, tuichukue. Lakini kati ya kaki na nailoni ni kilo moja isiyofika. Je, kwa kilo moja hiyo, tuuze usalama?

Na sasa tutazame mti wa kubebea. Mti wa mita 3 na nusu, unene wa kama sentimita 7, ukiwa mbichi unafika kilo 13 au 14. Ukikauka vizuri kivulini unashuka hadi kilo 9 au 10. Hapo tumeokoa kilo 4 bila kutoa senti! Kumbe watu wanagombania uzito wa kitambaa wakati mti mbichi umekaa begani kwao unacheka. Kwa hiyo neno langu la kwanza: miti ikatwe sasa, ikauke, isisubiri siku ya mgonjwa. Tukikausha mti, tunaweza kununua kitambaa kinachotosha bila kuhesabu gramu.

VITAMBAA TUNAVYOVIONA KWENYE MAGULIO

Nitavipitia kimoja kimoja.

Salfeti. Ikiwa mpya ina nguvu, sikatai. Lakini nyuzi zake za plastiki huharibiwa na jua. Mnaona wenyewe salfeti iliyoachwa juani msimu mmoja, ukiishika inapukutika kama majani makavu. Tena ni fupi, lazima uunganishe mbili, na mshono unakaa katikati pale pale kwenye uzito. Tumeonywa miaka mingi tusivunie pamba ndani yake kwa sababu nyuzi zake zinachafua pamba. Kama haifai kwa pamba, itamfaa mama yako?

Chandarua. Hapana kabisa. Uzi wake umefumwa kuzuia mbu, sio kuning'iniza mtu. Tena kina dawa. Kibaki kitandani kinakotakiwa.

Wavu wa samaki. Wenzetu wa ziwani wameuleta, na ni kweli unabeba. Lakini uzi mwembamba unakata mwili, na mgonjwa asiyejiweza hawezi kusema panauma wapi. Ukiwepo wavu mzito uliokubalika kisheria, basi uwe chini ya kitambaa kama msaada, sio badala ya kitambaa.

Khanga. Mama hatoki nyumbani bila khanga, na kwenye machela itakuwepo kwa kufunika na kupokea mtoto. Lakini kipande kimoja hakifiki mita 2, kwa hiyo kitataka kuungwa, na khanga iliyofuliwa mara nyingi imelainika kwa sababu nyuzi zimechakaa. Ule ulaini tunaoupenda ni dalili ya udhaifu. Tusiibebeshe mzigo usio wake.

Marekani. Hii ina historia na huku kwetu. Jina lake limetokana na nchi ya Marekani. Kuanzia miaka ya 1830 meli za Salem zilileta nguo hiyo ya pamba Unguja, na misafara ikaipandisha bara hadi kwenye ziwa letu. Ilikuwa kama fedha: shuka moja ni mikono minne, doti ni mikono minane, na kwayo walilipwa wapagazi na hongo ikatolewa kwa watemi. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Wamarekani ya 1861 hadi 1865 ilipofunga biashara ile, nguo za Kihindi na Kiingereza zikachukua nafasi, lakini jina likabaki. Na wapagazi wenyewe walikuwa nani? Wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Baadaye hao hao wakawabeba mabwana wakubwa wa kikoloni kwa machela, bwana amelala, mtu mweusi anatoka jasho. Leo tunashona machela kwa ajili ya watu wetu wenyewe. Hilo pekee linatosha kuifanya kazi hii vizuri.

Marekani nzito, iliyofumwa kwa kubana, inaweza kubeba ikiwekwa mara mbili. Ila kuna jambo ambalo wazee wataniunga mkono: nguo nyeupe ya namna hiyo ndiyo sanda. Mgonjwa ukimlaza juu yake usiku, na yeye ana akili zake, moyo unashtuka kabla ya safari. Mkiitumia, itieni rangi kwanza.

Turubai. Nguvu inayo, na wavuvi wanalijua kwa matanga. Kosa lake ni uzito, na kuchelewa kukauka. Likikunjwa na unyevu linaota ukungu, na ukungu unakula pamba kimya kimya. Kitongoji chenye turubai jepesi jipya wasilitupe, lakini tusilinunue kwa makusudi.

Nailoni ya parashuti. Hii ni nyepesi kweli, na ndiyo iliyochukua nafasi ya hariri katika parashuti wakati wa vita ya 1939 hadi 1945. Siku hizi inakuja kwenye mitumba ya mahema na makoti. Tatizo ni matatu. Ikilowa inanyumbuka na kupoteza sehemu ya nguvu yake. Jua linaiharibu bila wewe kuona. Na cheche ya moto ikiigusa inayeyuka, inatoboka, na sisi tunatembea usiku tukiwa na mienge na vibatari. Tena hema la mitumba hujui limekaa juani miaka mingapi. Sio rahisi kuikuta mpya ikiuzwa kwa mita hapa kwetu. Basi tusiitamani kwa sababu tu ni nyepesi.

Kaki. Hapa ndipo ninapofika. Kaki ya suruali za shule imefumwa kwa mistari ya mshazari, unaiona ukiitazama karibu. Ufumaji huo unabananisha nyuzi nyingi mahali padogo. Iko ya pamba tupu, na iko ya pamba iliyochanganywa na polista. Ya pamba tupu inavumilia kuchemshwa, na pamba ikilowa uzi wake haupungui nguvu, bali huongezeka. Kinachoongezeka nacho ni uzito wa maji. Ya mchanganyiko ni nyepesi kidogo, inakauka upesi, na haichakai haraka. Kwa masika yetu mimi nachagua ya mchanganyiko. Rangi yake haitishi mtu, na doa halipigi kelele.

JINSI YA KUKIPIMA DUKANI

Usimwamini muuzaji, wala usiniamini mimi. Pima mwenyewe hivi:

1. Kiinue kwenye mwanga. Ukiona vitundu vingi kama chekeche, rudisha.

2. Kisugue kwa nguvu kati ya vidole. Kikitoa unga mweupe na kulegea, kimetiwa wanga ili kionekane kizito. Ukikifua mara moja utabaki na utando wa buibui.

3. Piga mishono michache pembeni ya kipande cha majaribio, halafu vuta pande mbili. Nyuzi zikitelezana na kuacha uwazi kando ya mshono, hakifai hata kama chenyewe hakichaniki.

4. Chomoa nyuzi chache uzichome mbali na nguo. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Polista au nailoni inajikunja na kuacha kidonge kigumu. Mchanganyiko unatoa vyote viwili. Hapo utajua unauziwa nini.

5. Kipime kwenye mizani ya sukari. Mita 3 za kaki ya upana wa mita 1 na nusu zikiwa pungufu ya robo tatu ya kilo, ni nyembamba mno.

KUKATA NA KUSHONA

Kitambaa kina nyuzi za urefu, ndizo mtande, na nyuzi za upana. Mtande ndio wenye nguvu na haunyumbuki sana. Basi mtande uende kutoka kichwani hadi miguuni. Ukikata kwa upana, machela itakuwa inashuka kila hatua. Ukikata mshazari, itajipinda na kummwaga mtu. Pindo za kiwandani za pembeni msizikate. Na pasiwe na mshono wowote unaokatiza katikati.

Kwenye kila ncha kunjeni mara mbili mfanye njia ya kamba ya sentimita 8, mpige mishono mistari mitatu kwa uzi wa polista na sindano namba 16. Uzi wa pamba wa kudarizia msiuguse. Kamba iwe nene kama kidole gumba, na fundo lifungwe na mvuvi, sio na mpita njia. Mnajua methali: kamba hukatikia pembamba. Tukinunua kitambaa kizuri na kukifunga kwa kamba ya kufungia mbuzi, tumefanya nini?

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Machela isivutwe ikanyooka kama ngoma. Akina mama wanaijua kamba ya kuanikia: ukiikaza sana, blanketi moja bichi linaikata, ukiiacha ilegee kidogo, inabeba mablanketi matatu. Machela ni hivyo hivyo. Ikining'inia vizuri, wale watu wa kilo 70 wanaivuta kila ncha kwa nguvu ya kama kilo 70. Ikikazwa karibu kunyooka, watu hao hao wanaivuta kila ncha kwa nguvu ya kama kilo 200. Uzito haukuongezeka, umeuongeza wewe kwa kukaza. Kipimo ni hiki: urefu wa machela pamoja na kamba zake ugawe mara sita, umbali kati ya vifundo viwili kwenye mti uwe sehemu tano. Ikining'inia hivyo, hata kitambaa chepesi kinadumu.

KUIJARIBU KABLA YA MTU

Mtu anayetembea anarusharusha mzigo, kwa hiyo tunajaribu kwa mara mbili. Wekeni mti juu ya panda mbili imara, machela iwe juu ya ardhi kwa nusu mkono tu. Pakieni gunia la mahindi la kilo 100 na ndoo mbili za maji za lita 20. Iache saa nzima. Kagueni mishono, vifundo na mti. Halafu ilowesheni maji mrudie tena. Ikipita yote mawili, kijana mmoja alale abebwe kuzunguka uwanja. Ikishindwa, tumepoteza mahindi kidogo tukaokoa mtu. Na jaribio hili lirudiwe kila mwaka kabla ya mvua, hata kama machela haikutumika.

KUITUNZA

Ifuliwe kila ikitumika, ikaushwe kivulini, ikunjwe ikiwa kavu kabisa. Isiwekwe ghalani pamoja na dawa za pamba. Dawa ya wadudu ikilowana na nguo anayoilalia mtoto mchanga, tumemtia sumu. Na tena, ndugu Mwenyekiti, niseme wazi: isifungiwe kwa kufuli ghalani. Maumivu ya uzazi hayangoji mtunza ghala aamke. Ikae nyumbani kwa mtu anayekubaliwa na kitongoji, mahali ambapo mwano ukipigwa usiku kila mtu anajua mlango wa kukimbilia.

Wabebaji wawe wanane, wawili wawili, wapokezane kabla ya kuchoka. Mama mjamzito alazwe kwa ubavu wa kushoto. Mtoto mchanga akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, uso wa mtoto ukiwa wazi. Plastiki isimfunike usoni hata mvua ikinyesha. Na aliyeanguka mtini akaumia mgongo au shingo, huyo machela ya kitambaa haimfai hata kidogo, maana inamkunja. Huyo abebwe juu ya ubao au mlango.

PENDEKEZO

Naomba mkutano ukubali mambo manne. Moja, chama kinunue kaki ya mchanganyiko kwa jora, sio kila kitongoji kivyake. Jora bei yake ni nafuu, na tutapima mara moja kwa wote. Mbili, kila kitongoji kikate miti miwili wiki hii na kuianika kivulini. Tatu, kushona nitashona mimi pamoja na akina mama wenye vyerehani, uzi tu ndio tunaomba chama kitupe. Nne, siku ya majaribio iwe ya hadhara, watu wote waone, hasa hao wabebaji.

Sisi tunalima pamba. Tumeitoa kwa robota na robota, imekwenda kuvisha watu tusiowajua. Haitakuwa ajabu mita chache zikiturudia kwa ajili ya mama zetu.

Kama kuna maswali niko tayari. Kama kuna anayebisha juu ya turubai, aje na turubai lake na mizani ipo.

Ushirika ni nguvu!